Kunguni wa mimea asiye na kwao: umpe jenasi mpya, au umtie katika jenasi ya zamani?

Kima wa Rungwe aitwaye kipunji alipewa jina la kisayansi mara mbili katika miaka miwili mfululizo. Mwaka 2005 watafiti walimtangaza kuwa spishi mpya na kumtia katika jenasi ya zamani, Lophocebus. Wakati huo walikuwa na picha zake tu, mwili hawakuwa nao. Baadaye kipunji mmoja akafia kwenye mtego wa mkulima, vinasaba vyake vikapimwa, ikaonekana yu karibu na nyani kuliko na kima wa jenasi ile. Mwaka 2006 akatengenezewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Magazeti yaliandika sana.

Kwa kunguni wa mimea uamuzi wa aina hiyo hufanywa kila mwaka, na hakuna gazeti linaloandika. Familia yao, Miridae, ina spishi zaidi ya 11,000 zenye majina, na misitu ya tropiki ina nyingine tele zisizo na jina bado. Ukikusanya kwa bidii Usambara au Ituri, siku moja utakutana na mdudu wa milimita nne ambaye ufunguo wa utambuzi haumfikishi popote. Utafanya nini naye? Unaweza kumweleza kama spishi mpya ndani ya jenasi iliyopo, au kumjengea jenasi mpya. Makala haya yanalinganisha njia hizo mbili kwa ajili ya mwanafunzi au afisa wa utafiti aliyekaa mbele ya hadubini na hajui ashike ipi.

Usidhani haya ni mambo ya makabatini. Mbu wa mikorosho anayekausha machipukizi kule Mtwara na Lindi ni wa familia hii. Kunguni anayefyonza maua machanga ya kahawa ni wa familia hii pia. Wamo hata walio rafiki wa mkulima, wanaokula mayai ya wadudu wengine. Mtu anayetafuta adui wa asili wa mdudu fulani huanza kwa kusoma yaliyoandikwa juu ya jenasi yake, kwa hiyo jenasi ikikosewa atapoteza miaka akisoma habari za wadudu wasiohusiana na wake.

Kabla ya yote, hakikisha kweli ni Miridae. Vipapasio vya kichwani vina pingili nne, mdomo wa kufyonzea una pingili nne, na karibu wote hawana vile vijicho vidogo vya utosini. Bawa la mbele lina kipande cha pembetatu kabla ya utando wa nchani. Wataalamu hukiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kabari, nami nitakiita kabari tu. Ukiiona kabari, endelea.

Njia mbili kwa ubavu

| | Spishi mpya, jenasi ya zamani | Jenasi mpya |
|---|---|---|
| Unachodai | Huyu ni wa nyumba hii, ila hajawahi kuelezwa | Hakuna nyumba iliyopo inayomfaa |
| Unaopaswa kuwaona kwanza | Spishi za jenasi hiyo, hasa za eneo lako | Spishi-mfano (spishi inayobeba jina la jenasi) za kila jenasi jirani, hata za mabara mengine |
| Sampuli | Dume mmoja mzuri aweza kutosha | Dume na jike, zaidi ya mmoja mmoja, na tunutu wakipatikana |
| Kanuni zinadai | Holotaipu (sampuli moja inayobeba jina la spishi), na tamko la mahali itakapohifadhiwa | Hayo yote, pamoja na spishi-mfano na maneno ya kuitofautisha jenasi |
| Ukikosea | Spishi huhamishwa | Jenasi huunganishwa na ya zamani, na jina lake hubaki katika orodha ya visawe |

Mstari wa pili ndio unaoumiza. Kusema mdudu hana kwao ni kudai kwamba umebisha hodi kila mlango. Kwa kunguni wa Afrika, milango mingi iko Ulaya. Poppius, Mfini aliyeandika kazi kubwa ya kwanza kuhusu Miridae wa Afrika kusini mwa Sahara, katika juzuu mbili za 1912 na 1914, aliandika kwa Kijerumani. Sampuli nyingi za Kongo ziko Tervuren, Ubelgiji, na za makoloni ya Waingereza ziko London. Orodha ya Miridae wa dunia ya Mbrazili Carvalho, iliyotoka kati ya 1957 na 1960, pamoja na katalogi ya Schuh inayosomeka bure kwenye intaneti, zitakuambia majina yote na mahali yalikochapishwa. Hazitakuonyesha mdudu mwenyewe. Itakubidi uombe picha, au uazime sampuli, au usafiri.

Ndiyo maana wengi hushika njia ya kwanza. Ni nafuu, na inaonekana ya unyenyekevu. Unyenyekevu huo ndio ninaoutilia shaka, na sababu yangu ni Lygus.

Kikapu kilichoitwa Lygus

Jenasi Lygus ilitengenezwa na Hahn mwaka 1833 kwa wadudu wa Ulaya. Ilikuwa na maelezo mapana, na kwa miaka mingi kila kunguni wa kijani au wa hudhurungi mwenye umbo la yai alitupwa humo, awe ametoka Finland au Uganda. Poppius alimweka humo mdudu wa Afrika Mashariki mwaka 1912 akamwita Lygus vosseleri, jina la mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani enzi za Wajerumani. Mdudu huyo akaja kujulikana kuwa adui wa pamba. Mwaka 1943 China, wa jumba la makumbusho la London (ni jina la mtu, si la nchi), akaongeza Lygus coffeae, yule wa kahawa.

Leo hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyebaki katika Lygus. Wa kahawa ni Lamprocapsidea coffeae. Wa pamba ni Taylorilygus vosseleri, jina lililotolewa na Leston mwaka 1952 kumkumbuka Taylor, aliyemchunguza mdudu huyo katika mashamba ya pamba ya Uganda. Lygus halisi ni kundi la nchi za kaskazini zenye majira ya baridi. Kwa miongo kadhaa, aliyesoma neno Lygus katika taarifa ya Uganda alikuwa na haki ya kudhani kwamba yaliyogunduliwa Marekani juu ya Lygus wa mashamba ya huko yanamhusu mdudu wa Uganda moja kwa moja.

Tazama namna kosa lenyewe lilivyofanya kazi. Kila spishi ngeni iliyoingizwa iliilazimisha jenasi ipanuke ili impokee, na jenasi ilipopanuka ikawa rahisi kumpokea mwingine. Jenasi ya uongo yenye spishi moja haina tabia hiyo. Hukaa peke yake, wazi, na atakayekuja kuichunguza ataiona mara moja na kuiunganisha na ndugu zake. Ndiyo sababu, mtu akiniuliza kosa lipi ni afadhali, nachagua hilo la upweke.

Kakao inatupa mfano safi zaidi. Mwaka 1909 Distant alimweleza mdudu wa kakao wa Afrika Magharibi kama Sahlbergella theobroma, akimweka pamoja na Sahlbergella singularis ambaye Haglund alikuwa amemtaja mwaka 1895. Wote wawili hufyonza miti hiyo hiyo na kuiua kwa namna ile ile. Miaka 35 baadaye China aliyechunguza upya akamtoa theobroma, akamjengea jenasi ya Distantiella. Kwa hiyo aliyemweka mdudu katika nyumba isiyo yake ndiye aliyepewa heshima ya nyumba mpya kuitwa kwa jina lake. Uamuzi huo umesimama hadi leo, na wataalamu wa kakao hutaja jenasi mbili bila kuchanganya.

Ipo pia njia ya katikati, ambayo vitabu huitaja haraka haraka lakini mimi naipenda: jenasi ndogo ndani ya jenasi. Mbu wa mikorosho ni wa Helopeltis, iliyoundwa na Signoret mwaka 1858. Huwezi kuikosea, kwa maana mgongoni mwa mdudu, juu ya ile ngao ndogo, imesimama sindano yenye kirungu nchani. Schmitz alipochambua spishi za Afrika mwaka 1968 aliziona zina sifa zake zinazozitenga na za Asia. Hakuivunja Helopeltis. Alitengeneza jenasi ndogo, Afropeltis, na jina analolijua bwana shamba wa Naliendele, Mtwara, halikuguswa. Na jina la jenasi ndogo si jina la bure: kikanuni lina daraja moja na la jenasi, na likistahili hupandishwa siku za mbele. Taylorilygus yenyewe ilianza hivyo, ndani ya Lygus.

Sura isikupumbaze

Mwanafunzi wangu wa kufikirika huja mbio akisema, "Mwalimu, huyu hafanani na yeyote!" Kutofanana ni sababu dhaifu sana ya kuunda jenasi, hasa katika tropiki.

Chukua wanaoiga chungu. Miridae wengi wana kiuno chembamba, kichwa kikubwa, na madoa meupe kwenye mabawa yanayomdanganya mtazamaji aone kiuno hata pale ambapo hakipo. Umbo hilo limejitokeza zaidi ya mara moja katika matawi tofauti ya familia, na Schuh alilichambua kwa kirefu mwaka 1974 alipoandika juu ya wadudu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo kunguni wawili walio kama chungu si lazima wawe ndugu, na mmoja aliye kama chungu huenda ni ndugu wa karibu wa mwingine aliye kama punje ya mpunga.

Au chukua hadithi ya miwa ya Hawaii. Mwaka 1920 kunguni mmoja mdogo alipelekwa huko kutoka Australia na Fiji ili ale mayai ya kidudu kilichokuwa kinaangamiza miwa. Alifaulu vizuri. Waliomleta walimwita Cyrtorhinus mundulus, na kwa macho anafanana kweli na Cyrtorhinus, mla mayai mwingine anayejulikana katika mashamba ya mpunga ya Asia. Leo anaitwa Tytthus mundulus, na hawa wawili hawako hata katika familia ndogo moja. Kilichowatenga ni vitu ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona, hasa viungo vya uzazi vya dume.

Hapo ndipo kazi halisi ilipo. Ncha ya tumbo la dume hulowekwa katika maji ya potasi yaliyopashwa moto mpaka nyama iyeyuke, kisha hufunguliwa kwa sindano chini ya hadubini. Utaona vikoleo viwili, cha kushoto na cha kulia, ambavyo kwa Miridae karibu kamwe havilingani, na katikati kifuko chenye miiba na mikunjo yake. Jiulize kama tofauti unayoiona ni ya kipimo au ya ramani. Mwiba mrefu kidogo ni tofauti ya spishi. Mpangilio mwingine kabisa, ukiambatana na tofauti za kucha za miguu na za tundu la tezi ya harufu ubavuni, ni hoja ya jenasi. Kuwa na sifa moja hakutoshi hata ikiwa inavutia namna gani.

Na jike usimsahau. Katika familia hii dume anaweza kuwa na mabawa marefu na jike akawa na mafupi, mviringo, kama mdudu mwingine kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka dume aliyekamatwa taani na jike aliyetoka kichakani katika sanduku mbili zenye lebo za jenasi mbili. Walikaa hivyo karibu mwaka, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria majina, mpaka tunutu wa kutoka kichaka kile walipokua ndani ya chupa na kutoa madume na majike pamoja. Sijamsimulia mtu yeyote aliyekuwa nami maabara.

Vinasaba au kisu?

Hapa sitakaa sana. Kipande cha kawaida cha DNA kinachotumika kutambua wanyama, chenye herufi 658, ni kizuri kwa kutenga spishi na kwa kumuunganisha jike na dume wake au tunutu na wazazi wake. Kwa kuamua jenasi peke yake ni dhaifu. Benki za vinasaba zina Miridae wachache wa Afrika, kwa hiyo "jirani wa karibu" utakayeletewa na kompyuta anaweza kuwa mdudu wa Kanada kwa sababu tu wa Kongo hajapimwa. Kwa jenasi zinahitajika jeni kadhaa, pamoja na zile zinazobadilika polepole. Mwenye fedha ya jambo moja tu apasue kwanza, ila atoe mguu mmoja auweke kwenye spiriti kali, maana kupasua hakumnyimi mtu vinasaba kesho.

Namna ya kukusanya ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndiyo inayoamua utakuwa na nini mezani. Mtego wa taa huleta madume wengi na hauambii walikuwa wanaishi wapi. Kufukiza pareto kwenye vilele vya miti, kama ilivyofanywa kwenye migunga ya Mkomazi, huleta wingi mkubwa, lakini palipo na msitu mnene hujui mdudu ameanguka kutoka mti upi au mtambaazi upi. Kupiga matawi juu ya kitambaa ni kazi ya jasho na huleta wachache. Ila huleta dume, jike na tunutu kutoka mmea mmoja unaoujua, na tunutu hawaruki, kwa hiyo mmea uliowatoa ndio karibu hakika mwenyeji wao. Mwenye nia ya jenasi mpya achague kitambaa, kisha abane tawi la mmea huo gazetini wa mimea autambue.

Ukishaamua: jina, jarida, na mahali pa kulaza holotaipu

Kanuni za majina ya wanyama zilizoanza kutumika 1 Januari 2000 zinataka useme waziwazi kwamba jenasi ni mpya. Jina lake lisiwe limekwisha kutumiwa kwa mnyama mwingine yeyote, hata samaki au konokono. Ukichapisha kwa njia ya elektroniki tu, jambo lililoruhusiwa tangu 2012, lazima kazi isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, na namba ionekane ndani ya makala.

Mzungumzaji wa Kiswahili atafurahi kwenye upatanisho. Jina la jenasi lina jinsi, na kivumishi cha spishi hulifuata, kama vile mtoto huwa mzuri na kitabu kikawa kizuri. Majina kama coffeae na vosseleri hayabadiliki popote yaendapo, kwa kuwa maana yake ni "wa kahawa" na "wa Vosseler". Jina waweza kulitoa katika lugha yoyote. Ukilitoa kwenye Kiswahili, taja jinsi yake. Usipotaja, likiishia kwa -a litahesabiwa la kike, na likiishia kwa -u halitakuwa la kike wala la kiume, kwa hiyo jenasi itakayoitwa Mdudu itabidi ivae viambishi vya kati.

Kwa jarida, ZooKeys hutoza mwandishi na msomaji husoma bure. Zootaxa unaweza kuchapisha bila kulipa, ila msomaji asiye na chuo hukwama mlangoni. European Journal of Taxonomy haimtozi mwandishi wala msomaji, na kwa mtu wa huku asiye na ruzuku ndiyo ningeanza nayo.

Holotaipu iwekwe kwenye jumba lenye mtunzaji na umeme wa uhakika, na kwa Afrika Mashariki Nairobi lina historia ndefu ya wadudu. Paratipu, yaani sampuli nyingine zilizotajwa pamoja na holotaipu, zigawe: chache Nairobi, chache London au Tervuren, chache New York. Usiku wa 2 Septemba 2018 jumba la taifa la Brazil mjini Rio de Janeiro, alikofanya kazi Carvalho yule wa orodha, liliungua, na sehemu kubwa sana ya wadudu ikateketea. Kuhusu vibali vya kukusanya na kusafirisha sampuli, anza navyo kabla ya kununua wavu, kwa tume za sayansi, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya. Makala isiyo na namba ya kibali inazidi kukataliwa, na ni haki.

Basi uchague ipi?

Una dume mmoja wa taani, hujapasua, na hujaona spishi-mfano hata moja ya majirani: usifanye lolote kati ya hayo mawili. Una dume aliyepasuliwa, ramani ya viungo vyake ni ya jenasi inayojulikana, rangi tu ndiyo ngeni: ni spishi mpya, njia ya kwanza, kazi ya kurasa chache. Una dume, jike na mmea mwenyeji, na sifa tatu au nne zisizotegemeana zinamkataa kila jirani uliyemwona: unda jenasi, hata kama ni ya spishi moja. Jenasi nyingi za familia hii ziko hivyo na hakuna aibu. Sifa zinamtenga nusu nusu, na jenasi ya zamani inatumiwa na wakulima: jenasi ndogo, kama alivyofanya Schmitz.

Kabla Mkenya Thomas Odhiambo hajaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, Nairobi mwaka 1970, kazi yake ya mwanzo ilikuwa hii hii. Aliandika mfululizo wa makala juu ya Miridae wa Afrika Mashariki, na mwaka 1962 akapitia upya jenasi kadhaa za kundi lenye mbu wa mikorosho na kunguni wa kakao. Ukianza kubisha milango, makala zake ziwe za kwanza mezani, kwa sababu amekwisha kukupunguzia safari kadhaa za Ulaya.

Na ukiamua kusubiri, mdudu abaki kwenye pini yake, juu ya kipembe cha karatasi, na lebo isiyo na jina. Andika mahali, mwinuko, tarehe, mmea, na njia ya kukamata, kwa wino usiofutika. Ncha ya tumbo iliyokwisha kupasuliwa itie kwenye kichupa kidogo cha gliserini, uchome kwenye pini hiyo hiyo chini ya lebo.